Barua za Wasomaji: Naginata, Miundi na Mlango wa Treni

Tangu nilipotaja humu, kwa kupitia tu, kwamba Jumamosi zangu huishia kwenye mazoezi ya naginata, barua hazijakoma. Msomaji mmoja aliuliza kama naginata ni chakula. Tuanze na huyo basi. Naginata ni silaha ya Wajapani: upanga uliopinda, wenye makali upande mmoja, uliochomekwa kwenye mpini mrefu wa mti. Msuka wake, yaani ule mkia wa chuma unaozama ndani ya mpini, ni mrefu sana, wakati mwingine unakaribia urefu wa upanga wenyewe, na hushikiliwa na kijiti cha mwanzi kilichopenyezwa kwenye tundu. Ndani ya jina mna kitenzi nagu, maana yake kufyeka. Ni upanga wa kufyekea.

Mimi si mwalimu. Ni mkalimani mwenye dan, yaani daraja, ya 3, mwaka wa 11 sasa nafanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa mkoani Hyogo, na wenzangu wakiwamo mabibi watano wanaonizidi umri na pumzi. Nitajibu kwa kadiri hiyo.

Dada, mke wangu ni Mjapani. Nilipomwambia nataka kuanza naginata alicheka mpaka akakaa chini. Anasema hicho ni kitu cha mabinti, bibi yake alifundishwa shuleni. Nitakuwa mwanamume peke yangu humo? Na ilikuwaje silaha kubwa namna hiyo ikawa ya kike? (Msomaji, Osaka)

Kaka, mkeo hasemi uongo. Ila ameianza hadithi mwishoni, na karibu kila mtu huianzia hapo hapo.

Naginata ilikulia vitani, mikononi mwa wanaume, na waliovuma nayo kuliko wote walikuwa watawa. Mahekalu makubwa ya zamani, kama Enryaku-ji juu ya mlima Hiei na Kofuku-ji kule Nara, yalikuwa na mashamba, mali na ugomvi wa kuyalinda, kwa hiyo yalikuwa na watawa wapiganaji. Katika picha za kale utawaona wamejitanda vitambaa vichwani, naginata begani. Mwaka 1180, kwenye daraja la Uji kusini mwa Kyoto, mbao za daraja ziling'olewa na watawa wakasimama kuwazuia askari wa ukoo wa Taira. Masimulizi ya Heike, yale yaliyokuwa yakiimbwa na vipofu wapiga ala ya biwa, yanamtaja mtawa aitwaye Tajima aliyetoka peke yake darajani na naginata yake. Mishale iliyokuja juu akaiinamia, iliyokuja chini akairuka, iliyomjia kifuani akaikata kwa kuizungusha silaha. Mwenzake, Jomyo, aliwafyeka watu watano. Kwa wa sita, naginata ikakatika, akaitupa na kuchomoa upanga.

Mishale ya Tajima siijui, ila hiyo naginata iliyokatika naiamini kabisa. Mtu aliyetunga habari za ushujaa mtupu asingekumbuka kwamba mpini huvunjika.

Halafu yuko Benkei, jitu la mtawa ambaye kila mtoto wa Kijapani anamjua. Husimuliwa kwamba alijiapiza kukusanya panga 1,000 kwa kuwanyang'anya wapita njia wa Kyoto, akafikisha 999, kisha kwenye daraja la Gojo akakutana na kijana mwembamba anayepiga filimbi. Kijana yule, Minamoto no Yoshitsune, akawa anarukaruka ukingoni mwa daraja huku naginata ikifyeka hewa. Benkei alishindwa, akawa mtumishi wake mpaka kufa. Sanamu zao ziko pale Gojo leo. Ukipita Kyoto zitazame, utaona silaha ilivyo ndefu hata kwa mtu wa umbo lile.

Kilichoiondoa vitani ni msongamano. Anayefyeka anahitaji nafasi, na akiwa amebanwa katikati ya wenzake, wa kwanza kuumia ni jirani yake. Majeshi ya karne ya 15 na ya 16 yalijaa askari wa miguu waliopangwa bega kwa bega, na askari wa namna hiyo humfaa mkuki: anasukuma mbele, anavuta nyuma, hamgusi mwenzake. Mwaka 1543 bunduki zikaingia kupitia kisiwa cha Tanegashima, na nafasi ya mtu wa kuzungusha upanga wa mpini mrefu ikazidi kuwa finyu. Naginata nyingi zilikatwa misuka, zikachongwa upya na kufanywa panga za kiunoni.

Kisha amani ikaja. Chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa, ulioanza 1603, ilipita zaidi ya miaka 200 bila vita vikubwa vya kuchosha watu. Silaha ya uwanjani ikaingia nyumbani, na nyumbani alikuwapo nani? Mabinti wa masamurai walifundishwa kuitumia, na bibi harusi wa ukoo mkubwa alikwenda nayo kwa mumewe pamoja na makabati na nguo zake. Ilikuwa na busara yake. Mwenye mikono mifupi akikabiliwa na mwanamume mwenye upanga, jambo la kwanza analohitaji ni umbali, na mpini unampa umbali bila kumdai misuli.

Hata majina ya maumbo yakawa ya kike. Upanga wa naginata uliopinda sana na kupanuka nchani huitwa umbo la Tomoe; uliopinda kidogo huitwa umbo la Shizuka. Tomoe ni Tomoe Gozen, mpiganaji wa jemadari Kiso Yoshinaka. Shizuka ni mpenzi wa Yoshitsune, mcheza ngoma. Lakini yasome hayo Masimulizi ya Heike mahali Tomoe anapotajwa: anasifiwa kwa upinde mzito, kwa upanga, kwa kuendesha farasi wakali. Siku ya mwisho kule Awazu, mwaka 1184, Yoshinaka anamwambia aondoke kwa sababu anaona haya kufa pamoja na mwanamke. Tomoe anamsubiri adui anayefaa, anamvuta kutoka juu ya farasi, anambana kwenye tandiko lake na kumkata kichwa. Kisha anavua deraya na kuelekea mashariki. Hapo hakuna naginata. Waliompa ni wachoraji na waigizaji wa baadaye, wakati silaha ilikuwa tayari imeshakuwa ya wanawake na ikahitaji bibi wa ukoo.

Kaburi la Yoshinaka liko katika hekalu la Gichu-ji mjini Otsu, karibu na ziwa Biwa, na pembeni yake kuna jiwe la kumkumbuka Tomoe. Nilikwenda mwaka juzi siku ya mvua. Ua wake ni mdogo, mtu unaumaliza kwa dakika 20, na wageni wengi hufuata kaburi la mshairi Basho aliyeomba azikwe papo hapo.

Mwanamke ambaye kweli alipigana na naginata ni Nakano Takeko wa Aizu, katika mkoa wa leo wa Fukushima. Mwaka 1868 majeshi ya serikali mpya yalipouzingira mji wa Aizu-Wakamatsu, yeye, mama yake, mdogo wake wa kike na wanawake wengine wachache walijikusanya kikosi chao wenyewe. Wakuu wa jeshi la Aizu hawakuwa wamewaandikisha rasmi. Walikata nywele, wakaenda kupambana na watu wenye bunduki. Takeko alipigwa risasi; alikuwa na miaka 21. Mdogo wake alikikata kichwa chake ili adui asikichukue kama kombe la ushindi, kikazikwa katika hekalu la Hokai-ji kule Aizubange. Kwenye naginata yake alikuwa amefunga shairi fupi, akisema kwamba akijilinganisha na mioyo ya mashujaa wa vita yeye hastahili hata kuhesabiwa.

Sasa bibi yake mkeo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, walimu wa naginata, wengi wao wanawake, waliipeleka kwenye shule za wasichana, na miaka ya 1930 serikali ikaitambua rasmi kama somo lao. Vita vilipokolea, somo likawa gwaride: wasichana kwa mamia wamepanga safu uwanjani, wanapiga kwa hesabu. Baada ya 1945 Wamarekani waliokuwa wakiitawala nchi walipiga marufuku mafunzo ya silaha mashuleni. Yalipofufuliwa, shirikisho la taifa likaundwa mwaka 1955, na jina likaandikwa kwa herufi za sauti tu, bila zile alama za Kichina zenye maana ya kufyeka na ya upanga. Ukiliona leo kwenye bango la mashindano limeandikwa hivyo hivyo, kwa herufi laini za mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo nenda, kaka. Ndiyo, wanawake ni wengi kuliko wanaume, tena kwa mbali. Sisi tuko 14 na wanaume ni wawili: mmoja mstaafu wa posta, mwingine kijana wa chuo aliyemfuata mchumba. Mchumba ameacha, yeye amebaki. Mashindano ya wanaume yapo, na tangu 1995, yalipofanyika Tokyo kwa mara ya kwanza, mashindano ya dunia yameshapita Ufaransa, Marekani, Ubelgiji, Kanada na Ujerumani. Mkeo akicheka tena, mwulize Benkei alikuwa binti wa nani.

Julai iliyopita nilitazama maandamano ya Gion. Juu kabisa ya gari la kwanza niliona kitu kama mwezi mwandamo wa chuma. Mwenyeji wangu akasema ni naginata. Inafanya nini pale? (Mwanafunzi, Kyoto)

Inafukuza maradhi. Sherehe ya Gion ilianza mwaka 869 kama ibada ya kuondoa tauni mjini, na gari lile, Naginata-hoko, ndilo linalotangulia tarehe 17 Julai kila mwaka. Magari mengi hupiga kura kujua nani amfuate nani, hilo halipigi. Husimuliwa kwamba upanga wa kwanza ulifuliwa na mhunzi Sanjo Munechika, aliyeutoa kwa hekalu la Gion kwa ajili ya binti yake mgonjwa. Uliopo juu ya mlingoti sasa ni nakala, na makali yake huelekezwa mbali na kasri la mfalme, kwa adabu.

Nawe mwenyewe utaona utamu wa jambo hili ukikumbuka barua iliyotangulia: gari hilo, lenye silaha ambayo mtaani kila mtu huiita ya kike, wanawake hawaruhusiwi kulipanda. Mimi nimelitazama mara nne, nimesimama chini na mwavuli.

Nina shodan, yaani daraja la kwanza, ya kendo, ule mchezo wa panga za mwanzi, miaka sita ya mazoezi. Mwezi uliopita kwenye tamasha la wilaya nilipangwa na msichana wa sekondari mwenye naginata. Alinipiga miundi yote miwili kabla sijamkaribia. Kuna haki gani hapo? Na nimshindeje? (Aliyeaibika, Nagoya)

Pole, na hongera kwa kukiri. Haki ipo: walikuvalisha vikingio vya miundi, au sivyo? Wangekuwa hawakuvalisha, hapo ningekusaidia kulalamika.

Tupige hesabu kwanza. Upanga wako wa mwanzi, kwa mwanamume mzima, hauzidi sentimita 120. Naginata ya mashindano ni kati ya sentimita 210 na 225. Mpini ni wa mwaloni, na sentimita 50 za mbele ni vipande viwili vya mwanzi vilivyofungwa pamoja na kupindwa vifanane na upanga, na nchani kuna kofia ya ngozi. Tofauti yenu inakaribia mita moja. Lakini urefu peke yake haukukushinda, kwa sababu ungekuwa unatosha, watu wangebeba miti ya kuanikia nguo.

Kilichokushinda ni macho. Kwenye kendo unalinda kichwa, kifundo cha mkono, ubavu na koo. Chini ya kiuno hapapo, kwa hiyo miaka sita hujawahi kutazama huko. Sisi tunapiga hizo zote na muundi pia, yaani huo mfupa wa mbele chini ya goti, na tunapaita kwa jina tunapopiga: "Sune!" Mpigaji asipotaja anachopiga, au akipiga kisha akalegea kama mtu aliyemaliza kazi, waamuzi hawainui bendera. Muundi tunaruhusiwa kuupiga hata kwa upande wa pili, kwa mpini karibu na kitako chake.

La pili ni mikono. Wewe mkono wa kulia uko mbele siku zote, wa kushoto nyuma, na kifua kinamtazama mpinzani. Yule msichana amesimama kiubavu na anabadilisha mikono kila mara: sasa wa kulia ndio wa mbele, mara wa kushoto, na kila akibadilisha pigo linakuja kutoka upande mwingine. Tena mikono yake haikai mahali pamoja kwenye mpini. Inateleza. Akitaka kukufikia mbali anausukuma mpini mbele ndani ya viganja; ukimkaribia anauvuta nyuma na kuufupisha. Wanaoanza wote huishika naginata kama wanaogopa itatoroka, na mimi nilikaa mwaka mzima hivyo. Mwalimu wangu alikuwa akija nyuma yangu na kuuvuta mpini taratibu. Ukikataa kutoka mkononi, alicheka.

Jambo moja zaidi, ambalo hulioni ukiwa upande wa pili: mpini si wa mviringo. Ukiukata utaona umbo la yai. Ndiyo maana anaweza kubadilisha mikono bila kutazama. Kiganja chenyewe kinamwambia makali yameelekea wapi. Hata zile za vita zilikuwa hivyo.

Sasa namna ya kumshinda. Kwanza, acha kutazama ncha. Ncha imewekwa pale ikutazamishe. Tazama mkono wake wa nyuma, kwa kuwa ndio unaosogea kwanza: ukipanda, pigo linashuka chini, ukishuka kuelekea nyonga, pigo linakuja juu. Pili, akishapiga muundi na kukosa, usirudi nyuma. Kurudi nyuma ndiko anakotaka, umbali unabaki kuwa wake. Vuta mguu, wacha mwanzi upite, ingia hapo hapo. Ukishapita sehemu ya upanga, mbele yako umebaki mti tu, na mwenye mti mrefu karibu na kifua chake ana kazi kubwa kuliko wewe.

Najua kwa sababu nilitendwa hivyo. Mwaka wangu wa nne nilipangwa na mzee wa kendo, mfupi, tumbo mbele. Nilimpiga muundi wa kwanza kwa urahisi nikaanza kumwonea huruma. Pigo la pili alilipisha kwa kuinua unyayo tu, kama mtu anayekwepa dimbwi, na kabla sijauvuta mpini alikuwa ameshanigonga kifundo cha mkono. Na la tatu vivyo hivyo, kifundo kile kile. Tulipoinamiana mwisho wa pambano aliniambia nisihangaike, yeye mwenyewe amefungwa kwa miundi miaka 30.

Dada, habari za kazi. Mama mkwe ametutoka, na tukisafisha ghala la nyumba yao tumekuta naginata imefungwa kwa kitambaa, mpini umeliwa na wadudu lakini upanga upo. Shemeji anataka kuipeleka Tokyo kwenye gari akaiuze. Mimi roho inasita. (Mke wa ukoo, mkoa wa Fukushima)

Pole kwa msiba. Mwambie shemeji azime gari.

Japani ina sheria ya bunduki na panga ya mwaka 1958, na naginata imetajwa humo kwa jina. Upanga wa naginata wenye sentimita 15 au zaidi lazima uwe na cheti cha usajili. Cheti hufuata upanga, hakimfuati mtu, kwa hiyo kwanza tafuteni: kipekueni kile kitambaa, sanduku, droo za makabati ya marehemu. Ni karatasi ndogo tu yenye urefu wa upanga na maandishi ya kwenye msuka. Mkiipata, anayerithi anatoa taarifa kwa bodi ya elimu ya mkoa uliotoa cheti ndani ya siku 20. Ndiyo, bodi ya elimu. Panga zilizosajiliwa huhesabiwa kuwa kazi za sanaa.

Msipokipata, mpigieni simu polisi wa mahali hapo ilipokutwa, mwaulize ije vipi kwao, kabla haijatoka uani. Watawaandikia hati ya kwamba imekutwa, na hiyo hati ndiyo mnayokwenda nayo kwenye ukaguzi wa mkoa. Wakaguzi wataangalia kama upanga umefuliwa kwa njia ya jadi. Ukiwa hivyo mnalipa ada ya yeni 6,300 na kupewa cheti. Polisi hawatawagombeza, nyumba za zamani zinatoa vitu hivi kila siku.

Na nakuomba kwa mikono miwili: msiusugue. Kutu ya makali ni kazi ya fundi msafishaji wa panga, na kutu ya msuka haiguswi na mtu yeyote. Weusi ule wa msuka ndio unaowaonyesha wajuzi umri wa chuma, na mara nyingi jina la mhunzi limechongwa hapo. Nilimwona mtu aliyeung'arisha msuka kwa msasa akijivunia jinsi unavyometa. Mjuzi aliyekuwa naye alinyamaza, akaagiza chai.

Mpini uliooza msiutupe mpaka kijiti cha mwanzi kimetolewa vizuri. Ukiwa katika mkoa huo, huenda bibi wa bibi ya mama mkwe aliwahi kuusimamia mlango nayo. Usiliandike hilo popote, lakini.

Binti yangu anaingia sekondari ya chini na shule yake imechagua naginata. Ataumia? (Mama, Saitama)

Tangu 2012 sanaa za mapigano za jadi ni lazima katika sekondari za chini, na shule chache huchagua naginata badala ya judo au kendo. Kwa darasa la kawaida atajifunza kusimama, kutembea, kupiga hewani na kucheza na mwenzake mapigo yaliyopangwa, mmoja anashambulia na mwingine anajibu. Malengelenge ya viganja yatakuja wiki ya pili. Akiingia klabu na kuvaa vikingio, michubuko ya juu ya goti itakuja, kwa sababu wanaoanza hulenga muundi na kupiga paja. La kumsisitizia ni moja: aukague mwanzi kabla ya kila zoezi, aupitishie kitambaa laini. Kikinasa uzi, kuna ufa au kibanzi, na kibanzi hupenya kwenye nondo za barakoa mpaka jichoni. Sehemu hiyo ya mwanzi hununuliwa na kubadilishwa peke yake, mpini haubadilishwi.

Unaipandaje treni nayo? (Msomaji, Yokohama)

Kwa kuinama. Mlango wa treni ni mfupi kuliko naginata, kwa hiyo unaingiza ncha kwanza, ndani ya mfuko wake mrefu, kama unaingiza ngazi chumbani, kisha unaisimamisha kwenye kona pembeni ya mlango na kuikumbatia. Treni ikijaa unasubiri inayofuata. Unaulizwa na wazee kama ni fimbo ya kuvulia samaki. Nimezoea kusema ndiyo.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 11, nakaa Kobe. Umeshawahi kukata kitu kwa naginata ya kweli? (Mpwa wako)

Marahaba mwanangu. Sijawahi. Tunayopigania ni mwanzi na mwaloni, na ya kuonyeshea mapigo ni mwaloni mtupu tangu ncha hadi kitako. Ya chuma nimeishika mara moja tu, ya mwalimu wangu, baada ya kuinamiana nayo. Uzito wote uko mbali, kule mwisho, kama ndoo iliyotundikwa kwenye ncha ya mti. Nilipoinyoosha mbele nilihesabu mpaka nane, mikono ikaanza kutetemeka, naye akaipokea bila kusema neno.

Kitu pekee nilichowahi kuharibu ni taa ya dari katika chumba cha kubadilishia nguo, kwa hiyo ya mwanzi, nikiwa nawaonyesha wenzangu pigo jipya. Niliilipa.